Fundi aliyenifungia choo cha besimenti: kazi nzuri, kasoro pale palipohitaji kazi nzuri

Nianze na haki yake, maana sitaki kumsingizia mtu. Bomba la maji taka la inchi 4 lililokuwa limezibwa sakafuni huko chini alilifungua kwa ustadi. Zege alilikata kwa mstari ulionyooka, vumbi akalituliza kwa maji, na kipande cha bomba alichoongeza alikipima mteremko mbele ya macho yangu: sentimeta 2 kwa kila mita, inavyotakiwa. Siku ile mngeniuliza, ningewaambia mwiteni upesi.

Kasoro iko mahali padogo kuliko pote, pale sinki la choo linapokutana na bomba. Flanji, ile pete ngumu ya kwenye mdomo wa bomba inayoshikilia sinki, inatakiwa ikae juu ya sakafu iliyokwisha kumalizika, vigae na vyote. Yeye aliifunga kwenye zege tupu, vigae vikaja juu yake, flanji ikabaki imezama karibu unene wa kidole. Hapo pete moja ya nta, ile laini inayoziba kati ya flanji na sinki, haifiki vizuri. Dawa yake inajulikana: unaweka pete za kuinulia flanji hadi ilingane na vigae, unazifunga kwa skrubu hadi kwenye zege, basi. Hakuweka. Alibandika nta, akalaza sinki, akakaza bolti, akaflashi, maji yakaenda, akadai chake.

Haukupita muda harufu ikaanza. Wala si ya choo kichafu, maana nilikuwa nasugua kila siku. Ni ile ya mayai yaliyooza, gesi ya bomba lenyewe. Halafu ukikaa, sinki linacheza. Sinki likicheza, nta inaachia, hata kama siku ya kwanza ilishika.

Nikampigia. Alichelewa, lakini sikatai, alikuja. Akang'oa sinki, mimi nimesimama hapo hapo namshikia tochi. Nta ilikuwa imebonyea upande mmoja hadi kuwa nyembamba kama karatasi. Upande wa pili haikuguswa kabisa, bado nene vilevile, na imenasa chembe za mchanga na saruji. Katikati ya pande hizo palikuwa na mchirizi wa maji machafu, umeacha alama ya kahawia kwenye kigae. Akaitazama. Akaisukuma kwa kidole gumba, akaanza kulirudisha sinki juu yake.

Nta ikishabonyea haitumiki tena. Ukinyanyua sinki, unakwangua ya zamani yote, unaweka mpya. Nikamuuliza kwa upole kabisa, "Fundi, hiyo hubadilishi?" Hakunijibu. Akamgeukia mdogo wangu, aliyeitwa pale kusaidia kunyanyua tu, akamwambia: "Kaka, mwambie dada yako choo hakikosi harufu."

Mimi ndiye niliyemwita. Mimi ndiye niliyemlipa. Nimeshika tochi hatua moja kutoka usoni pake, halafu nitumiwe salamu kupitia kwa mtu! Mdogo wangu alibaki kuangalia chini kwa aibu isiyo yake.

Kisha akapaka silikoni kuzunguka sinki lote. Pale nyuma huachwa mwanya kidogo, ili pakivuja maji yajitokeze uyaone. Yeye aliziba pande zote, maji yakawa yanapenya chini ya vigae kimyakimya, na mimi juu naona pakavu.

Nilikuwa nataka kusema ni fundi mzuri wa kukata na kulaza mabomba, ila asipewe kufunga vyoo. Sasa hata hilo nasita. Nilimwomba tangu mwanzo aweke valvu ya kuzuia maji yasirudi, kwa sababu choo hiki kiko chini kuliko mfuniko wa chemba ya nje. Bomba kuu likiziba, uchafu wa nyumba nzima unapanda na kutokea hapa chini kwanza. Alisema nina wasiwasi mwingi. Mtu anayedharau hilo kwenye besimenti, mteremko wake nao nitauamini vipi? Aliupima, ndiyo, nilimwona. Lakini sasa umefunikwa na zege.

Fundi mwingine, mzee mmoja asiye na maneno mengi, ndiye aliyeirekebisha. Akainua flanji, akaweka nta mpya, akachomeka kabari ndogo za plastiki hadi sinki likatulia, nyuma akaacha mwanya wa silikoni. Kila hatua alinionyesha mimi, na valvu tumekubaliana aje aiweke. Harufu imekwisha.

Yule wa kwanza bado anapiga simu kudai pesa ya kuja mara ya pili. Anampigia mdogo wangu. Silipi, na msimwite, hata kwa kazi ya koki.