Padlet, Goodreads, StoryGraph au WhatsApp? Wanafunzi waandike wapi maoni ya vitabu

Walimu wenzangu wa Mwanza, na nyie wa Sengerema na Ukerewe, kama una klabu ya usomaji shuleni na unataka madogo waandike maoni ya vitabu mtandaoni wenzao wasome, mi hizi zote nishazitumia na kwa mazingira yetu naona Padlet ndo inafaa, japo nayo ina mambo yake.

Wengi tunaanzia WhatsApp maana kila mzazi anayo. Aisee kule maoni yanazama. Mtoto kakaa kaandika vizuri kabisa kuhusu riwaya, ndani ya lisaa limoja zimeshaingia stika, "amina" kibao, tangazo la dagaa wa Mwaloni bei ya jumla na mzazi anauliza mchango wa uji ni lini, wiki ijayo ukilitafuta lile andiko unaskroli mpaka kidole kinauma. Halafu namba za wazazi ziko wazi kwa kila aliyemo, hiyo siipendi kabisa.

Goodreads, mtandao wa wasomaji kupeana maoni ya vitabu, ni kubwa, Amazon waliinunua 2013, ukitaka kujua watu wanasemaje kuhusu kitabu fulani nenda huko. Ila kwa wanafunzi hapana, lazima awe na miaka 13 na akaunti yake, form one wengine hapo tu umeshakwama, na nyota ni nzima nzima hakuna nusu.

StoryGraph, aliyoianzisha dada mmoja wa Uingereza, Nadia Odunayo, imenikosha zaidi. Unaweza kutoa nyota tatu na robo, na inamuuliza msomaji: kinaenda haraka au polepole? kinabebwa na matukio au na wahusika? wahusika wanapendeka? Maswali haya ni dhahabu, maana dogo ukimwacha mwenyewe ataandika "kitabu ni kizuri kinafundisha" kamaliza. Shida ni Kiingereza kitupu na akaunti tena, sasa huyu anayeazima simu ya mama baada ya kuosha vyombo atatumia imeili ya nani?

Ndo nikaangukia Padlet. Ni ubao tu, unatuma linki, mtoto anabonyeza alama ya kujumlisha anaandika, hahitaji akaunti, na asiyependa kuandika anarekodi sauti. Yale maswali ya StoryGraph nikayaweka kwa Kiswahili juu kabisa. Kuna sehemu ya kuwasha ili andiko lisionekane mpaka mwalimu alipitishe, iwashe siku ya kwanza, usisubiri yakukute. Form two mmoja akaandika kwamba baba kwenye tamthilia moja tuliyosoma hakuwa na kosa lolote, chini mwenzake kamjibu "we umesoma mpaka mwisho kweli?", basi ubishi ukatoka kwenye simu ukafika mpaka mstarini asubuhi. Mi nilikuwa nachekelea tu.

Kasoro zake sasa. Bure unapewa mbao tatu tu, zaidi ya hapo ulipie. Asiye na akaunti jina lake halionekani, kwa hiyo waambie waanze na jina la kwanza na mkondo, basi, ukoo usiandikwe. Picha za kava nimepiga marufuku, ubao ukijaa picha unakula bando la mzazi na hataazima simu tena.

Na popote utakapoenda usiache maandishi ya watoto yakae huko tu. Edmodo, mtandao wa madarasa, walimu wengi duniani waliitegemea, ikafungwa Septemba 2022. Padlet unaweza kuutoa ubao wote kwa PDF, mi nafanya hivyo kila mwisho wa muhula, naprinti stesheneri moja pale Makoroboi, nyeusi na nyeupe inatosha. Wale ambao nyumbani kuna kitochi tu wanasoma hiyo karatasi, wanajibu nyuma kwa peni, halafu mi ndo nayachapa na kuyapandisha.