Shamba la Mlimani Lushoto: Zuri kwa Mafungo, Gumu kwa Harusi

Nimefika mara mbili katika shamba moja la zamani juu ya mji wa Lushoto, ambalo wenyewe hulikodisha kwa harusi, mafungo ya kanisa na mikutano ya vikundi: mara ya kwanza Desemba, katika harusi ya binamu yangu, na mara ya pili Julai, pamoja na akina mama wenzangu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Jina lake silitaji, kwa kuwa nadhani mengi ya haya yanaweza kumkuta mtu katika shamba lolote la aina hiyo milimani Usambara.

Uzuri wa mahali hauna ubishi. Ukiketi barazani asubuhi unaona ukungu ukipanda kutoka bondeni na kutanda juu ya bustani za kabichi za majirani. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na Wajerumani, walioupenda kwa baridi yake, waliuita Wilhelmstal. Wao waliondoka, baridi ikabaki. Julai tulilala na mablanketi mawili mawili, na aliyechelewa kuamka alioga maji ya uvuguvugu, kwani boila ya kuni ni moja tu.

Kwa harusi, tatizo linaanzia Mombo. Kutoka barabara kuu hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami nyembamba inayojipinda kando ya magenge kupitia Soni, na malori ya mboga yanayoshuka hayana haraka ya kukupisha. Koasta mbili za wageni kutoka Tanga zilifika keki imeshakatwa, kisha madereva wakakataa kushuka usiku, uamuzi ambao sikuwalaumu. Kamati ilikuwa imehesabu sahani, vinywaji na viti vya watu 180; vitanda hakuna aliyevihesabu. Shamba lina 40. Waliobaki walisambazwa kwenye nyumba za wageni mjini, na wazee wachache walikesha ukumbini wamejifunika vitenge. Zaidi ya hayo, umeme ulikatika. Tulipouliza kabla, tulijibiwa kwamba jenereta ipo, na kweli ilikuwepo: iliwasha taa, ikashindwa na muziki, MC akaendesha sherehe kwa koo lake mwenyewe, jambo ambalo shangazi zangu walilifurahia kuliko muziki.

Julai mambo yalikuwa mengine kabisa. Tulikuwa 26, tulifika mchana, na hesabu za mgao, ambazo nyumbani hutugombanisha, zilikamilika kwa siku mbili. Mpishi alitupa viazi, maharage na mboga zilizochumwa asubuhi hiyohiyo. Alasiri tulitembea hadi Irente, ambako mlima unakatika ghafla na uwanda unaonekana chini hadi macho yachoke. Wenzetu wawili waliokuwa hawasemezani kwa sababu ya deni walirudi wakiwa mbele yetu sote, wakibishana, lakini wakisemezana.

Anayetaka kufanyia harusi huko afunge ndoa saa nne asubuhi, alishe wageni mchana, na magari yashuke kabla ya giza. Masika ayaepuke, maana mvua kubwa huporomosha udongo barabarani. Na kabla ya kulipa, adai jenereta iwashwe mbele yake, spika zote zikiwa zimechomekwa.