Mtaalamu wa lishe aliyenifundisha kula bila nyama hapa Lubumbashi

Wateja wangu wa vitenge pale soko la Kenya wameniuliza sana kuhusu huyu mtaalamu wa lishe, kwa hiyo naandika mara moja kwa wote. Jibu langu ni kwamba mwende. Hela niliyomlipa sijaijutia hata siku moja. Ila yapo mambo ambayo hayakunipendeza, na hayo pia nitayasema.

Nilikuwa nimeshaamua kuachana na nyama na samaki kabla sijamjua. Presha ilikuwa juu, kolesteroli nayo, na kanisani kwetu Waadventista wapo wazee ambao hawajagusa nyama miaka mingi na bado wanatembea kwa miguu kutoka Katuba hadi mjini. Kuamua hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni kujua nile nini ili nisiishiwe nguvu. Kliniki moja ya mjini ilinipa karatasi iliyochapishwa tayari: brokoli, kinoa, maziwa ya lozi, mafuta ya zeituni. Hakuna aliyeniuliza nyumbani tuko wangapi wala tunapika kwa umeme au kwa makala (mkaa). Nililipa, nikatoka na karatasi ambayo hata supamaketi za mtaa wa Golf zisingeitimiza kwa bei ninayoiweza.

Huyu mama nilielekezwa na mwenzangu wa kwaya. Ni mdogo kwangu kwa umri, lakini wote tunamwita Docta, naye ananiita Mama. Siku ya kwanza hakuandika chakula chochote. Alitaka nimweleze nilichokula jana yake tangu chai ya asubuhi: donge la bukari (ugali) lina ukubwa gani (nilimwonyesha kwa mikono), matamba (majani ya muhogo) yametiwa mafuta vijiko vingapi, Maggi ngapi zimeingia kwenye nyungu (sufuria), nani anapakua. Nilipomwambia kwamba lengalenga (mchicha) naiwekea bikarbonati (magadi soda) ili ibaki kijani na ilainike upesi, akaweka kalamu chini. Bikarbonati ina sodiamu, sawa na chumvi, na mtu wa presha haihitaji. Tena inaua sehemu ya vitamini za mboga. Mama yangu aliitia, bibi yangu aliitia, na daktari aliyekuwa akinipa vidonge vya presha hakuwahi kuniuliza napika vipi.

Neno lake la kwanza kuhusu mpango wenyewe lilikuwa hili: “Mama, bukari hatuiondoi. Tunaipunguza, tunaongeza maharagi.” Akanifafanulia kwamba mahindi yana upungufu wa kitu kimoja kinachojenga mwili, kinachoitwa lisini, na maharagi yanacho kwa wingi, ilhali maharagi yanapungukiwa na kile ambacho mahindi yanacho. Vikiliwa siku moja vinajazana. Kisha akapiga hesabu mbele yangu. Mtu mzima anahitaji protini kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili. Mimi nina kilo 70, basi ni gramu 56 kwa siku. Kikombe kimoja cha maharagi yaliyopikwa kinatoa karibu gramu 15. Vikombe viwili, mchana na jioni, vinatoa 30. Unga wa bukari gramu 200 unaongeza kama 16, karanga za kujaza kiganja 7 au 8, na mboga za majani zinamalizia. Alichora sahani, akaigawa, akaandika namba kila upande. Karatasi hiyo nimeibandika jikoni, na binti yangu anayepika zamu ya jioni anaifuata kuliko mimi.

Halafu tukaenda sokoni pamoja, na hapo ndipo nilipoona thamani ya kazi yake. Kwenye karanga alisimama muda mrefu. Alichota kiganja, akazitandaza kwenye sinia ya muuzaji, akazitenga moja moja: zilizonyauka, zenye doa jeusi, zenye ukungu. Karanga iliyoota ukungu inaweza kuwa na sumu inayoharibu ini, na kukaanga hakuiondoi yote. Sasa, mtu aliyeacha nyama anakula karanga karibu kila siku, kwenye mboga, kwenye uji, hata kwenye kikanda (mizizi ya okidi iliyosagwa na kupikwa na karanga), kwa hiyo kwake jambo hili lina uzito kuliko kwa mwingine. Muuzaji alikasirika kidogo. Docta akamwambia kwa upole kwamba zilizobaki tunanunua kipimo cha meka nzima, na tulinunua. Kuhusu kikanda chenyewe alinitoa kwenye dhana ambayo wengi wetu tunayo, kwamba ni nyama ya wasiokula nyama. Mizizi ile ya okidi ni wanga zaidi. Protini ya kikanda inatoka kwenye karanga inayochanganywa nayo. Nikila kikanda, maharagi yanabaki palepale.

Kwenye majani alinifurahisha. Matamba, lengalenga, kalembula (majani ya viazi vitamu), kibwabwa (majani ya maboga), vyote tayari ni vyakula vyetu, na havikuhitaji kuletwa na mtu yeyote kutoka mbali. Kazi ilikuwa kuondoa ndakala (samaki wadogo wakavu) tunazosaga ndani na kuweka unga wa karanga. Matamba yatwangwe vizuri na yachemke muda mrefu, kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sumu ambayo kutwanga na kuchemsha ndiko kunaitoa. Lakini kuchemsha huko kunamaliza vitamini C, na mwili unaihitaji ili uchukue madini ya chuma yaliyomo kwenye majani na maharagi. Basi kila sahani ya matamba iandamane na pera, chungwa, au ndimu iliyokamuliwa. Na chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula, maana inazuia chuma hicho; isubiri kama saa moja. Hili la chai limekuwa gumu kwangu kuliko la nyama. Msimu wa mvua uyoga unapoanza kuuzwa kando ya barabara, aliniruhusu nile ninavyotaka, ila ninunue kwa mama ninayemfahamu.

Kuna kitu kimoja hakutaka mjadala juu yake: vitamini B12. Mimea haina ile ya kutegemewa. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 tu kwa siku, kiasi kidogo sana, lakini ikikosekana muda mrefu damu inapungua na mishipa ya fahamu inaharibika, na madhara mengine hayarudi nyuma. Nilimwuliza kuhusu spirulina, kwa kuwa wauzaji wanaisifia kwamba ina kila kitu. Akasema kwa B12 nisiitegemee, kwa sababu sehemu kubwa ya iliyomo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Akaniandikia vidonge vya duka la dawa, akanipeleka maabara kupima damu kabla ya kuanza, na ameagiza nipime tena. Vidonge vya presha alinikataza kabisa kuviacha bila neno la daktari. Ninyi mnaouziwa chakula cha kuponya kila ugonjwa, angalieni kama huyo anayewauzia anawaambia neno kama hilo.

Sasa yasiyonipendeza. Ofisi yake iko Bel-Air, na kutoka Katuba ni taksi-basi mbili. Ukichelewa, saa yako inapita na anayefuata anaingia. Mpango wake wa kwanza ulikuwa kwa Kifaransa kitupu, na mkwe wangu tunayeishi naye hakuweza kuusoma. Nililalamika, akauandika upya kwa Kiswahili, lakini nadhani ilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo kwa kila mtu wa hapa. Na aliniwekea maharagi kila siku bila kuhesabu makala. Mfuko wa makala leo unaniumiza kuliko maharagi yenyewe! Nilipomwambia, alikiri kwamba hakulifikiria, tukatafuta njia: kuloweka usiku kucha na kumwaga maji, kupika nyungu kubwa ya siku mbili, na siku ambazo makala imepungua kutumia unga wa soya ndani ya uji, kwa kuwa soya kavu ina protini kama gramu 36 katika kila gramu 100. Maziwa ya soya sijayaweza, harufu yake inanishinda. Hakunilazimisha.

Nyumbani mume wangu bado anakula michopo yake (nyama ya kuchoma) Jumapili, na Docta alinishauri nimwache. Nyungu ya mboga ni moja kwa wote, anayetaka samaki anamkaanga pembeni. Kwenye vilio na harusi napakua bukari, maharagi na majani, na shangazi zangu wameacha kuuliza kama ninaumwa. Presha yangu imeshuka. Daktari amepunguza kidonge kimoja. Nguvu ya kusimama sokoni kutwa ninayo.

Bei: dola 20 mara ya kwanza, dola 10 kila unaporudi, na kwenda naye sokoni ni dola 15 pamoja na nauli yake. Kwetu hiyo ni hela. Kama huwezi zote, lipia ya kwanza na ya sokoni, mwende wawili au watatu mgawane, anakubali. Mwenye mimba, anayenyonyesha, au anayetaka kulisha watoto hivi, asianze peke yake kwa kusoma maneno yangu, aende kwake kwanza, kwa sababu mahesabu yao ni mengine. Chukua matokeo ya vipimo vyako vyote na majina ya dawa unazokunywa. Hapokei watu Jumamosi. Anayetaka namba yake aje kwenye meza yangu sokoni, nitampa baada ya kumwuliza mwenyewe.