Excel kwa kibodi: maoni ya mhasibu wa SACCOS

Excel kila mtu anaijua, kwa hiyo hapa naipima kwa kitu kimoja tu: mikato ya kibodi. Mimi natunza hesabu za SACCOS ya walimu. Karatasi yangu ina majina kushoto, kisha hisa, akiba, rejesho na riba, na wanachama ni mamia. Kushuka hadi jina la mwisho kwa gurudumu la kipanya ni adhabu.

Mkato ninaoupenda kuliko yote ni Ctrl na mshale wa chini. Unakutupa kwenye seli ya mwisho yenye kitu; ukiongeza Shift, unachagua kila kilichopo njiani. Wengi hukereka kwamba ukikuta seli tupu unasimama hapohapo. Mimi ndipo ninapoutumia kama mkaguzi: ukisimama katikati ya safu ya akiba, kuna mwalimu ambaye makato yake ya mwezi hayajaingia. Ukibonyeza tena chini ya data utajikuta mstari wa 1,048,576, mwisho kabisa wa karatasi. Usishtuke, Ctrl na Home zitakurudisha juu.

Wa pili ni F4. Tuseme kiwango cha riba kiko B1 na mkopo wa mwanachama wa kwanza uko D5. Andika =D5*B1, na kabla ya Enter gusa F4: B1 inageuka $B$1. Bila alama hizo, ukinakili fomula kwenda chini, mwanachama wa pili atakokotolewa kwa B2, wa tatu kwa B3, na bodi itakuuliza hizo riba umezitoa wapi. Baada ya hapo chagua seli hadi mwisho, piga Ctrl na D. Ingawa hapa, tuseme ukweli, kipanya kinashinda: bofya mara mbili kile kinukta cha pembeni mwa seli, safu yote inajaa.

Ctrl na nukta-mkato (;) huweka tarehe ya leo, na kesho haibadiliki kama ile ya =TODAY(). Kwa stakabadhi ndiyo yenyewe. Alt na = hujumlisha, lakini tazama imeshika seli zipi kabla ya Enter, maana nayo hukomea penye seli tupu.

Sasa kero. Kompyuta mpakato nyingi zimeipa F4 kazi ya sauti au mwanga, na yangu mojawapo. Mpaka ushikilie kitufe cha Fn ndipo F4 ifanye kazi yake. Kwenye baadhi, ukibonyeza Fn na Esc, Fn hubaki imewashwa bila kuishikilia, jaribu. Halafu ukihamia Google Sheets si kila mkato unakufuata. Kule bonyeza Ctrl na / uone orodha yao, na humohumo kuna kitufe cha kuwasha mikato inayofanana na ya programu nyingine.

Zile picha za “mikato 100 ya Excel” zinazozunguka WhatsApp mimi nazifuta. Nani anakariri mia? Chukua hiyo michache ya kazi yako, kipanya kisogeze mbali kidogo, vidole vitazoea.

Nyota 4 kati ya 5. Moja imeliwa na Fn. Wenye Mac, pale niliposema F4 ninyi mnaweza kubonyeza Cmd na T.