Kalipa mpya kwenye Hilux ya 1999: uzoefu wangu

Hilux yangu ina injini ya dizeli aina ya 3L na kazi yake ni kubeba nyanya za Ilula kwenda Morogoro. Siku moja tunateremka mlima Kitonga na mzigo, kila nikikanyaga breki gari linavuta kulia. Kufika Ruaha Mbuyuni nikagusa ringi ya mbele kulia, nikatoa mkono mbio. Ya kushoto ilikuwa vuguvugu tu.

Fundi alipofungua tukakuta kalipa ya kulia (kile kifaa ambacho pistoni zake husukuma pedi zibane diski ya breki), katika pistoni zake nne, mbili zimeganda kwa kutu na pedi imelika mpaka chuma. Kwanza nilibana matumizi nikabadilisha raba za pistoni peke yake. Hela ile ilipotea. Pistoni ikishachimbika kwa kutu, raba mpya haiisaidii kitu, na haikuchukua muda ikaganda tena. Za mtumba zilikuwepo kwa bei nzuri, ila nikaogopa: hujui ndani zimekaa na mafuta machafu miaka mingapi. Nikanunua jozi mpya, kulia na kushoto, na mipira yake ya breki na pedi.

Sasa hapa ndipo nataka msome vizuri. Gereji walifunga, tukatoa upepo kwenye breki karibu saa nzima, mafuta ya breki ya DOT 3 yakaisha chupa mbili, na bado pedeli inazama kama unakanyaga sponji. Wakaanza kulaumu masta silinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedeli. Nikainama kuangalia mwenyewe: niplo ya kutolea upepo ilikuwa imeelekea chini! Walikuwa wamefunga kalipa ya kulia upande wa kushoto, na ya kushoto kulia. Boliti zinaingia bila shida, lakini upepo hukaa juu, na ukiwa na niplo chini hautoki hata mkanyage mpaka kesho. Tulipozibadilisha, tukaanza kutoa upepo tairi la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta silinda, tukamalizia la mbele kulia. Pedeli ikasimama juu, ngumu.

Kalipa zenyewe nimezipenda. Gari linasimama limenyooka, hata likiwa limejaa matenga. Dramu za nyuma bado zinahitaji kurekebishwa, hilo ni la wiki ijayo. Nimeshashuka Kitonga mara tatu tangu hapo, na kila nikifika chini nagusa ringi zote mbili za mbele. Joto lake linalingana.