Baba wa Incredibles 2 hakulishwa limbwata

Nilikuwa nimepanga kuisifu filamu hii, na sehemu kubwa ya sifa hizo bado ninazo, lakini siwezi kuanza nazo kwa sababu yaliyonipata katika banda moja la video hapa Mwanga, Kigoma, Jumapili moja ya msimu wa mvua, yamenikwama kooni kama mwiba wa mgebuka.

Filamu ninayoizungumzia ni Incredibles 2, katuni ya ile familia yenye nguvu za ajabu, iliyotoka mwaka 2018 baada ya watu kuisubiri miaka 14 tangu ile ya kwanza. Mara ya kwanza niliitazama peke yangu kwenye simu, usiku, watoto wakiwa wamelala na cherehani ikiwa imefunikwa. Mimi ni fundi nguo, kazi yangu naifanyia barazani, na mke wangu ni muuguzi huko Kasulu ambaye hurudi nyumbani mwisho wa wiki akipata nafasi. Uji, madaftari, homa za usiku na vikao vya wazazi shuleni ni vya kwangu. Siyasemi haya ili nionewe huruma. Nayasema kwa sababu sijawahi kuona filamu yoyote, ya watu au ya katuni, iliyoyajua maisha ya nyumba yangu namna ile.

Safari hii anayeitwa kazini ni mama. Helen, mwenye mwili unaorefuka kama mpira, anachaguliwa na tajiri Winston Deavor na dada yake Evelyn kwa sababu hesabu zinaonyesha kwamba anapopambana na waovu huharibu mali kidogo kuliko mumewe. Bob, ambaye ana nguvu za kuinua gari, anameza uchungu wake, anamsindikiza mkewe kwa tabasamu la kulazimisha, kisha anabaki na watoto watatu. Mdogo kabisa, Jack-Jack, anaanza kuwaka moto na kupotelea hewani. Binti, Violet, ameachwa solemba na kijana aliyeahidi kutoka naye, na kosa ni la baba, kwa kuwa Bob ndiye aliyesababisha kumbukumbu za kijana yule zifutwe. Mtoto wa kati, Dash, ana hesabu za shule ambazo siku hizi zinafundishwa kwa njia ambayo baba hakuisoma.

Hapo penye hesabu ndipo filamu iliponishika. Bob anajaribu, anakosea, anakasirika kwamba kwa nini wabadilishe hesabu, kisha usiku wa manane, nyumba imelala, anakifungua kitabu cha mwanawe na kujifundisha mwenyewe mpaka akaelewa, halafu anamwamsha mtoto mapema ili wafanye pamoja kabla ya mtihani. Hakuna anayempigia makofi. Nimewahi kukaa hivyo na kitabu cha darasa la sita chini ya taa ya cherehani, na kwa miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu.

Basi niliposikia kwamba banda lile lingeonyesha filamu hiyo iliyotafsiriwa, niliwachukua wanangu wawili, binti wa darasa la sita na mdogo wake wa darasa la tatu, nikalipa kiingilio cha watu watatu. Nataka nieleweke vizuri kuhusu tafsiri. Mimi si mtu wa kuwadharau watafsiri wa filamu. Watu wengi wa mtaani kwetu, pamoja na mama yangu mzazi, wasingejua kisa hata kimoja kutoka nje kama si sauti hizo zinazoingilia kati na kusema huyu ni nani na anataka nini, na mtafsiri hodari anaweza kuifanya filamu ya mbali ikawa hadithi ya jirani. Tangu utoto wangu nimezipenda sauti hizo.

Yule wa siku ile, hata hivyo, hakutafsiri. Tangu Helen alipopanda pikipiki yake kwenda kazini, alishaamua kwamba baba aliyebaki nyumbani ni kichekesho. “Jamaa kaolewa huyu!” alitangaza, na banda zima likacheka. Bob alipombeba mtoto, tuliambiwa amelishwa limbwata. Alipokifungua kitabu cha hesabu usiku ule ule ninaousema, tuliambiwa anasoma kwa sababu mkewe akirudi atampiga. Hakuna neno hata moja la namna hiyo katika filamu. Mtafsiri aliongea hata pale ambapo wahusika wamenyamaza, aliongea juu ya muziki wa Michael Giacchino wenye matarumbeta yale ya kusisimua, na kwenye picha nzuri kuliko zote za filamu hakunyamaza pia. Ni pale Bob, macho mekundu, ndevu hazijanyolewa, anapokaa na Violet na kumwomba radhi, akimweleza kwamba alichotaka ni kuwa baba mwema tu, naye binti anamjibu kwamba yeye ni zaidi ya mwema, wakati baba mwenyewe ameshapitiwa na usingizi. Maneno ya binti yule hatukuyasikia. Tulisikia kwamba mwanaume amechoka kufua nguo za mkewe.

Binti yangu aligeuka akanitazama. Hakucheka. Alinitazama tu, na mimi sikujua niuweke wapi uso wangu.

Niliinuka nikamfuata kijana mwenye banda, nikamsalimu, nikamwomba kwa adabu kwamba kama anayo nakala isiyotafsiriwa atuwekee, au walau apunguze sauti ile kwa dakika chache. Alinitazama kuanzia viatuni kwenda juu, akauliza mbele ya watu: “Mzee, mwanaume mzima mchana wote huu unazunguka na watoto, mama yao yuko wapi?” Kisha akaongeza kwamba nisipotaka mlango ninauona na kiingilio hakirudishwi. Waliokuwa karibu wakacheka kicheko kile kile walichomcheka Bob. Nimefanya kazi na wateja kwa miaka mingi, nimedhulumiwa vitambaa na ujira, lakini sijawahi kujibiwa hivyo mbele ya wanangu na kijana ambaye ningeweza kumzaa. Tulitoka kabla ya mwisho, mvua ikinyesha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama filamu yenyewe haina mkono katika jambo hili, na kadiri hasira inavyonipanda ndivyo ninavyozidi kuiona ina hatia. Ni kweli mtafsiri alitia chumvi, lakini chakula alikikuta mezani. Hatari ya kweli yote imewekwa upande wa Helen, kwenye treni inayokimbia bila kusimama na kwenye mapambano na yule anayewateka watu akili kupitia vioo vya televisheni, ambaye nilimtambua mapema mno. Kazi ya Bob imewekewa vichekesho, kama vile Jack-Jack anavyopigana na mnyama mwizi wa takataka uani, mapambano ambayo nakiri ni ya ufundi mkubwa. Kila Helen anapopiga simu, Bob anamficha mambo na kusema yote ni salama. Hilo nililipenda usiku ule wa kwanza, nikaliona ni heshima. Sasa linaniudhi. Kwa nini aone haya kusema amechoka?

Namwondoa Edna Mode katika lawama zote. Mbunifu yule wa mavazi, kwa sauti ya Brad Bird mwenyewe aliyeiandika na kuiongoza filamu, anampokea mtoto anayewaka moto, anakaa naye usiku mmoja na asubuhi amekwisha mshonea vazi linalomfaa. Haoni mzigo, anaona kazi inayostahili vipimo sahihi. Kwa fundi yeyote wa nguo, dakika zile peke yake zinatosha kulipia kiingilio.

Siku chache baadaye niliwawekea watoto filamu ile ile kwenye simu, barazani, bila mtafsiri, nikiwaelezea mimi mwenyewe pale walipokwama. Binti aliifuata kwa utulivu. Tulipofika kwenye usiku wa kitabu cha hesabu nilinyamaza kwa makusudi ili picha ijieleze yenyewe, na katika kimya kile mwanangu wa darasa la tatu akaangua kicheko akasema, “Baba, huyu ndiye aliyeolewa.” Niliizima simu. Mpaka leo hatujaimalizia naye.