Njia ya mbao ya Mida Creek, Watamu: fuata maji kwanza

Kwa anayetaka kuona ndege wa pwani bila kupanda kilima wala kukanyaga tope, hapa Mida Creek, hori la bahari katika pwani ya Kenya, ni mahali pazuri mno. Njia ni takribani mita 260 za mbao zilizoning'inizwa katikati ya mikoko, na mwisho wake kuna kibanda cha kuchungulia ndege kinachotazama uwanda wa matope. Wageni wanaotoka wamenuna mara nyingi wamefika maji yamekupwa kabisa. Wakati huo ndege hutawanyika mbali, na hata kwa darubini huonekana vidoa tu.

Maji yakianza kujaa, ndege husukumwa kidogo kidogo kuelekea kibandani. Ingia kwa muda wa saa mbili au tatu kabla ya kilele cha maji kujaa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kilele huwa mnamo saa kumi alasiri, kwa hiyo uwe umekaa kufikia saa saba na nusu. Ukichelewa, tope lote limefunikwa na ndege wamehamia kwenye malalo yao. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kilele huangukia karibu saa nne asubuhi na tope halifunikwi lote, hivyo ndege hukaa karibu kwa muda mrefu zaidi. Anayeanza achague siku hizo. Kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50. Thibitisha kwenye jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa.

Msimu bora ni Oktoba hadi Machi. Nyota wa hapa ni mla-kaa, Dromas ardeola, mweusi kwa mweupe, mdomo mnene kama koleo. Huzaliana kwenye mashimo ya mchangani pande za Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, kisha huja kushinda huku. Sululu utamjua kwa mdomo uliopinda chini. Kitwitwi wa Terek mdomo wake umepinda juu, miguu ya rangi ya chungwa, na hukimbia ovyo akifukuza kaa. Vitwitwi wa mchangani, mkubwa na mdogo, huwachanganya hata wazoefu: linganisha urefu wa mdomo, usitegemee rangi.

Njia hii ya mbao hutikisika. Mtu mmoja akitembea nyuma yako, picha ndani ya darubini kubwa inaruka, kwa hiyo simamisha stendi ya miguu mitatu ya darubini kibandani tu na usubiri wenzako watulie. Mbao zikilowa huteleza. Vaa soli za mpira. Kwa kiti cha magurudumu haifai.

Chukua kiongozi wa kijijini, hasa kwa kutofautisha hao vitwitwi wa mchangani. Kiingilio husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi kandokando ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke, kupitia ASSETS, mpango wa karo na utalii wa mazingira ulioanzishwa 2001 na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya. Ukija kwa matatu ya Mombasa–Malindi, mwambie kondakta akushushe Mida, kabla ya kufika Gede.